Mwacheni Kwanza Afanye Kazi

Asubuhi ya Desemba 9, 2015 mtaa wetu uliamka na mafagio. Rais mpya, John Pombe Magufuli, alikuwa na mwezi mmoja na siku nne tangu aapishwe. Alikuwa amefuta sherehe za Uhuru za mwaka ule, akasema badala ya gwaride nchi nzima ifanye usafi. Tukatoka. Mtaro uliokuwa umeziba tangu masika tuliuzibua kwa majembe na kwa mikono. Wenye makwanja wakafyeka, akina mama wakafagia kwa mifagio ya chelewa, vijana wa bodaboda wakasomba viroba vya taka hadi jalalani bila kudai nauli. Mzee mmoja jirani yangu, mwanachama wa upinzani wa siku nyingi, ambaye mwezi Oktoba alikuwa amepeperusha bendera ya chama chake juu ya paa, siku hiyo alikuwa ndani ya mtaro, tope likimfika magotini. Nikampa shikamoo, nikamuuliza imekuwaje leo yuko pamoja na serikali. Alinijibu huku koleo likiendelea kuchota: "Mwanangu, uchaguzi umeisha. Mwacheni kwanza baba wa watu afanye kazi."

Maneno hayo yalikuwa kila mahali miezi ile. Yalisemwa kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye daladala, kwenye simu za wasikilizaji redioni asubuhi. Nami niliyasema, tena kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimesikia, kama wengine wote, kwamba siku ya kwanza kazini rais alitoka Ikulu kwa miguu hadi Wizara ya Fedha na kukuta viti havina watu. Nilikuwa nimesikia kwamba aliingia Muhimbili bila taarifa akakuta wagonjwa wamelala chini, na kwamba makontena 349 yalikuwa yametoka bandarini bila kulipiwa ushuru. Januari 2016 ada ikaondolewa shule za serikali hadi kidato cha nne. Mzazi aliyewahi kumrudisha mtoto nyumbani katikati ya muhula kwa deni la ada alikuwa na kila sababu ya kushukuru, na wapo walioshukuru hadi machozi.

Kwa hiyo ninapohoji sentensi ile leo, siwahoji wapumbavu. Waliokuwa wakiisema ni watu waliochoka, wenye matumaini, wenye nia njema. Naihoji kwa sababu haikuishia 2015. Kila rais mpya anapoapa, popote Afrika Mashariki, hurudi na sura ileile: wapinzani wampe nafasi, waache kelele, wamsubiri. Nadhani sentensi hiyo inachanganya mambo mawili, na gharama ya kuyachanganya tuliilipa kwa muda mrefu.

Tuanze na neno lenyewe, "nafasi". Kwenye daladala mtu akiingia, unasogea, unampa nafasi. Humpishi kwa kushuka. Mpinzani aliyeshindwa kwa haki anatakiwa asogee: akubali matokeo, amwite mshindi rais, aunge mkono muswada mzuri hata kama umetoka upande wa pili, asiombee nchi ikwame ili yeye apate la kusema. Hilo namdai bila kigugumizi. Lakini "mpeni nafasi" tuliyokuwa tukiisema sisi haikuishia hapo. Tulikuwa tunawaambia washuke njiani.

Tena tuliwaomba watoe kitu ambacho hawakuwa nacho. Nafasi ya rais wa Tanzania imeshatolewa na Katiba. Ibara ya 42 inampa miaka mitano. Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Majirani zetu wa Kenya waliona Mahakama ya Juu ikifuta uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017. Kwetu shauri la namna hiyo halina hata mlango wa kuingilia. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha hapahapa nyumbani, ilisema Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Juu ya hayo rais anateua mawaziri, majaji, wakuu wa mikoa na wilaya, Mkuu wa Jeshi la Polisi na wakurugenzi wa halmashauri. Mwaka 2015 chama chake kilikuwa na wingi mkubwa bungeni. Ukishamhesabia mtu hayo yote, nafasi gani nyingine imebaki mfukoni mwa mpinzani ambayo anaweza kumnyima?

Imebaki moja tu, ya kuulizwa maswali. Na hiyo haikuwa mali ya mpinzani binafsi. Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46. Edward Lowassa, aliyesimama kwa niaba ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, alipata asilimia 39.97, yaani watu zaidi ya milioni 6 walipanga foleni juani wakapigia upande ulioshindwa. Kura zile hazikufa jioni ya matokeo. Ziliingiza wabunge na madiwani, na kazi ya Bunge imeandikwa katika Ibara ya 63(2) kwa Kiswahili kisichohitaji wakili: "kuisimamia na kuishauri Serikali". Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kazi hiyo ianze baada ya siku mia, au baada ya rais kuzoea kiti.

Waswahili wana usemi, samaki mkunje angali mbichi. Tunautumia kwa watoto tu, sijui kwa nini. Serikali nayo ina ubichi wake. Miezi sita ya kwanza ndipo mkuu wa nchi anapojifunza lipi linapita na lipi linakataliwa, ndipo mawaziri wanapomsoma bosi wao anapenda nini, ndipo polisi na wakuu wa wilaya wanapopima upepo. Ukimwacha samaki mpaka akauke, halafu ndipo uje na mikono yako, utamvunja au atakuchoma miiba.

Chukua zile fedha za sherehe za Uhuru. Tuliambiwa shilingi bilioni 4 zitapanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Aliyewahi kukaa saa mbili kwenye foleni ile ya jioni hakuwa na la kupinga, na mimi nilishangilia. Lakini fedha ya umma hupitishwa na Bunge kwa kazi maalumu, na mwaka uleule wa 2015 tulikuwa tumetunga Sheria ya Bajeti iliyoweka utaratibu wa kuzihamisha. Swali lilipaswa kuulizwa siku ileile, kwa adabu, na watu waliochaguliwa kuuliza: zimehamishwa kwa utaratibu gani? Angeliuliza mtu, tungelimwona anatetea gwaride. Kwa hiyo tukazoea kwamba neno la rais jukwaani ni sawa na kifungu cha bajeti, na tukazoea kwa furaha, kwa sababu neno la kwanza lilikuwa jema.

Hivyohivyo kwenye kutumbua majipu, yaani kuwaondoa kazini watumishi waliotuhumiwa. Aprili 2016, siku ya kuzindua Daraja la Kigamboni, mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam alisimamishwa kazi palepale mbele ya umati, na umati ukashangilia. Sijui kama alikuwa na hatia, na hilo ndilo jambo lenyewe: hakuna hata mmoja kati yetu tulioshangilia aliyejua. Mtumishi wa umma ana haki ya kupewa tuhuma zake kwa maandishi na kujibu. Aliyesema hivyo miezi ile aliitwa mtetezi wa mafisadi.

Lakini lililoniuma zaidi, na ambalo nililiona kwa macho yangu likibadilisha mtaa, ni lile la Bunge kuonekana moja kwa moja. Jirani na kituo chetu cha daladala kulikuwa na kibaraza cha fundi cherehani. Alikuwa na televisheni ya chogo, ndogo, ameifungia kwenye kitasa cha dirisha kwa waya ili isiibwe. Kipindi cha maswali asubuhi kibaraza kilijaa. Muuza karanga alikuwepo, makondakta wanaosubiri zamu walikuwepo, na mama mmoja aliyeleta vitenge vya harusi alisahau kilichomleta. Watu wale walijua kanuni za Bunge. Waziri akikwepa swali, kondakta asiyemaliza darasa la saba angesema, "Hajajibu huyo, ngoja aulizwe swali la nyongeza." Walibishana kwa hoja. Siku ya bajeti fundi alifunga cherehani kabisa, maana kelele yake ilifunika sauti ya waziri.

Januari 27, 2016 Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza bungeni kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vyote moja kwa moja. Sababu ilikuwa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani walipinga, ukumbi ukavurugika, askari wakaingia kuwatoa. Pale kibarazani tulisema nini? Tulisema wapinzani wamezidi fujo, rais anabana matumizi, wampe nafasi. Wiki kadhaa baadaye niliposimama kwa fundi kupima suruali, televisheni ilikuwa inapiga muziki. Kibaraza kilikuwa na watu wawili. Fundi aliniambia kwamba siku hizi Bunge linaletwa vipande usiku, na usiku watu wamechoka. Yule kondakta sikumsikia tena akisema habari ya swali la nyongeza.

Miezi mitano baadaye, Juni 2016, ikaja zamu ya mikutano ya hadhara. Polisi wakapiga marufuku, na rais akasema siasa zisubiri hadi 2020, kila mbunge afanye mikutano jimboni kwake. Sheria ya Vyama vya Siasa ilikuwa inaruhusu chama kufanya mkutano kwa kutoa taarifa polisi, na haikubadilishwa siku hiyo. Lilitosha neno. Hoja iliyotolewa ilikuwa ileile tuliyoianzisha sisi wenyewe mtaroni: uchaguzi umeisha, sasa ni kazi. Marufuku ile ilidumu hadi Januari 3, 2023, miaka sita na nusu. Magufuli alikuwa ameshafariki, na aliyeiondoa alikuwa rais mwingine, Samia Suluhu Hassan.

Nimekutana na wanaosema kwamba mambo ya baadaye, kupigwa risasi Tundu Lissu Dodoma Septemba 7, 2017, watu kupotea, magazeti kufungiwa, hayana uhusiano na subira yetu ya mwanzo. Siwezi kuthibitisha uhusiano huo kama wa hesabu. Ninachoweza kusema ni kwamba hayo yalipokuja, kibaraza kilikuwa kimeshapoa, viwanja vya mikutano vilikuwa vimeota majani, na sisi wananchi tulikuwa na mwaka mzima wa mazoezi ya kumwona anayeuliza kuwa ni mkorofi.

Wapinzani nao walikuwa na makosa yao, na siwezi kuwafichia, maana yalitusaidia sisi kuwapuuza.

Kosa la kwanza walilifanya kabla ya uchaguzi. Tangu Dkt. Willibrod Slaa asome orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga, Temeke, Septemba 2007, ufisadi ulikuwa wimbo wa CHADEMA. Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la zabuni ya umeme ya Richmond, na wao ndio waliokuwa mstari wa mbele kumkaanga. Julai 2015 wakampokea, wakampa bendera ya urais. Dkt. Slaa akaondoka. Alipokuja Magufuli na ufagio, wao walikuwa hawana tena uso wa kusema ufagio huo tuliushika kwanza sisi. Wangeweza kumwambia, fagia, lakini fagia kwa sheria. Nani angewasikiliza?

Kosa la pili ni kutoka nje. Novemba 20, 2015, Magufuli alipokwenda Dodoma kuzindua Bunge, wabunge wa UKAWA walipaza sauti kwa sababu Dkt. Ali Mohamed Shein alikuwa ameingia ukumbini kama Rais wa Zanzibar wakati uchaguzi wa Zanzibar umefutwa. Wakatolewa nje. Sababu yao ilikuwa nzito, nitairudia. Lakini hotuba iliyofuata ilikuwa na maneno ambayo upinzani ulikuwa umeyasema kwa miaka. Rais alitaja mwenyewe kwamba safari za nje zilikuwa zimekula zaidi ya shilingi bilioni 356 katika miaka miwili ya fedha. Kila ahadi iliyotolewa pale ilihitaji mtu wa kukaa kitini na kalamu, aandike, aje aidai. Viti hivyo vilikuwa vitupu.

Kati ya Mei na Juni 2016 wakarudia, mara hii kwa kumsusia Naibu Spika, Dkt. Tulia Ackson. Siku moja walitoka wamejibandika plasta midomoni. Picha ilikuwa kali, magazeti yakaitumia. Huku ndani bajeti ya kwanza ya serikali mpya, shilingi trilioni 29.5, ilijadiliwa na upande mmoja. Humo ndimo ilimopita VAT ya asilimia 18 kwenye huduma za utalii, iliyowafanya watu wa Arusha na Moshi wahangaike kurekebisha bei za safari ambazo wageni walikuwa wameshazilipia. Sidai kwamba wapinzani wangelikuwepo kodi hiyo isingepita, kura zao zisingetosha. Lakini kungekuwa na mtu wa kuisema kifungu kwa kifungu, na maneno yake yangebaki kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Plasta haiingii kwenye Hansard.

Namna ya kufanya kazi hiyo vizuri ipo, na mfano uko jirani. Desemba 2002 Mwai Kibaki aliishinda KANU iliyokuwa imetawala Kenya tangu uhuru, kwa asilimia 62. Uhuru Kenyatta, mgombea wa KANU, alikubali kushindwa mapema, na Desemba 30 Kibaki akaapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali. Furaha ya Kenya mwaka ule haikuwa ndogo kuliko yetu ya 2015. Abiria walikuwa wakiwazuia polisi wasichukue hongo barabarani. Kama kuna serikali iliyostahili kuachwa ipumue, ni ile.

Aprili 2004, mwaka mmoja na miezi minne tangu kuapishwa, mbunge wa upinzani kutoka Ntonyiri, Maoka Maore, alileta bungeni karatasi za zabuni ya mashine za pasipoti. Kazi ambayo kampuni ya Ufaransa ilikuwa imeombea kwa yuro milioni 6 ilikuwa imepewa kampuni iitwayo Anglo Leasing kwa yuro milioni 30. Kampuni yenyewe haikujulikana ni ya nani. Muda si mrefu fedha zilizokwisha kutangulizwa zikaanza kurudi zenyewe kutoka ng'ambo, mwenye kuzirudisha hajulikani. John Githongo, aliyeteuliwa na Kibaki mwenyewe kupambana na rushwa, alijiuzulu Februari 2005 akiwa London. Februari 2006 Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake Uhuru Kenyatta yuleyule aliyeshindwa, ilimfuata London kumhoji. Mwezi huo David Mwiraria, Waziri wa Fedha, alijiuzulu, akafuata waziri mwenzake Kiraitu Murungi kukaa kando.

Nauliza: Kenyatta na Maore walimnyima Kibaki nafasi? Walikuwa wamemkubali kama rais. Shule za msingi zilifanywa bure Januari 2003 na hakuna aliyesimama njiani kuzizuia. Uchumi uliendelea kukua. Walichomnyima, au tuseme walichowanyima waliomzunguka, ni giza. Sitaki pia kuifanya Kenya peponi, maana vigogo wa Anglo Leasing walichukua miaka mingi kufikishwa kortini na waliotiwa hatiani ni wa kutafuta. Lakini Mkenya wa kawaida alijua, kabla ya miaka miwili kwisha, kwamba serikali aliyoipenda ina chawa, na aliambiwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kumwambia.

Sasa nirudi Zanzibar, maana huko hoja ya nafasi inageuka kabisa. Nilisema mpinzani aliyeshindwa kwa haki asogee. Oktoba 28, 2015, kura zikiwa bado zinatangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi wote. Ukarudiwa Machi 20, 2016 bila CUF ya Maalim Seif Sharif Hamad, na Dkt. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Siku chache baadaye Marekani ikasitisha msaada wa maendeleo wa shirika lake la MCC, dola milioni 472, kwa Tanzania nzima. Kumwambia Mpemba aliyepiga kura Oktoba, akaona kura yake ikifutwa na mtu mmoja kwenye televisheni, kwamba sasa ampe nafasi rais, ni kumwomba asahau mambo ambayo mtoto wake atamuuliza. Sharti la kwanza la kupewa nafasi ni uchaguzi ambao aliyeshindwa alipata nafasi. Baada ya Oktoba 29, 2025, sharti hilo halihitaji maelezo marefu huku Bara. CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura. Mwenyekiti wake, Lissu, alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini. Mgombea wa ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa. Tume ikamtangazia Rais Samia asilimia 97.66 huku intaneti imezimwa na watu wakiwa wameuawa mitaani. Aliyezika mtoto wiki ile anadaiwa majibu, na kabla hajayapata sioni wa kumwomba subira.

Sentensi yetu ya mtaroni ilikua, ikapata hata jina jipya: kuunga mkono juhudi. Kuanzia 2017 wabunge na madiwani wa upinzani walianza kuhama mmoja mmoja, kila mmoja akisema anaunga mkono juhudi za rais. Mbunge wa Kinondoni aliyechaguliwa kwa CUF alijiuzulu Desemba 2017, akahamia CCM, akasimamishwa kugombea kiti kilekile alichokiacha. Tukagharamia uchaguzi wa marudio. Februari 16, 2018, siku moja kabla ya kura, wafuasi wa CHADEMA waliandamana kudai viapo vya mawakala wao, polisi wakafyatua risasi, na moja ikamuua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa amekaa ndani ya daladala. Hakuwa mwanasiasa. Miezi miwili baadaye Zitto Kabwe aliposoma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu na kuuliza shilingi trilioni 1.5 ziko wapi, wengi wa wale ambao wangesimama naye bungeni walikuwa wameshaunga juhudi, au wako mahakamani, au, kama Lissu, wako hospitalini Ulaya wakiuguza majeraha.

Novemba 2019 ikafika zamu ya mitaa na vijiji. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Mtaa wetu mwenyekiti alipita bila kupingwa. Aliyetaka kupambana naye alirudishiwa fomu kwa sababu alifupisha jina la chama chake badala ya kuliandika lote.

Februari 2020 tukaitwa kwenye mkutano wa mtaa, chini ya mwarobaini karibu na kibaraza cha fundi. Kwa utaratibu mkutano kama huo husomewa mapato na matumizi. Tulikuwa tumechangishwa shilingi elfu tano kila kaya kwa ajili ya kalvati, maana mtaro ule wa 2015 ulikuwa umeziba tena na maji ya mvua yalikuwa yanaingia ndani. Kalvati halikuonekana. Ajenda zikasomwa, mapato na matumizi hayamo. Watu wakaangaliana. Yule mzee jirani yangu, ambaye paani kwake siku hizo hapakuwa na bendera yoyote, alinyanyuka taratibu akishikilia goti, akasema anaomba kujua fedha ya kalvati imefikia wapi.

Mwenyekiti hakukasirika. Alimjibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mkubwa wake: "Mzee wangu, tusianze kusumbuana mapema. Ndiyo kwanza tumeingia. Mtupe nafasi kwanza tufanye kazi."

Baadhi ya watu walipiga makofi. Mzee hakuketi. Aliingiza mkono mfuko wa koti, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne, akachomoa stakabadhi ya kwanza, akaiweka mbali na macho apate kuiona vizuri, akaanza kusoma tarehe.